Kuutafuta Mkutano wa Kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wapo humu waliokaa karibu na mlango makusudi, wapate kutoka upesi. Siku yangu ya kwanza nami nilikaa pale pale. Leo nina miaka 11 sijaonja pombe, na nimeombwa nizungumzie jambo moja: anayetaka kuacha anawapataje wenzake.

Nianzie Mei 1935, mjini Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano hivi bila pombe. Biashara iliyompeleka kule imeharibika, yuko peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, na baa iko hatua chache tu. Alijijua. Akaiendea simu, akampigia mchungaji aliyemwona kwenye orodha ya makanisa, akaomba aunganishwe na mlevi anayehangaika. Huyu akamwelekeza kwa yule, hata siku iliyofuata akakutana na daktari mpasuaji, Bob Smith. Daktari alikubali kumpa dakika 15 tu. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni mwaka ule ndiyo inayohesabiwa kuwa siku Dkt. Bob alipokunywa mara ya mwisho, na ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani AA, umoja wa walevi wanaokutana na kusaidiana kuacha pombe.

Angalieni nani alimhitaji nani. Aliyepiga simu ndiye aliyekwisha kuacha! Alimtafuta mlevi mwenzake ili yeye mwenyewe asianguke. Mimi nilikaa na namba ya simu mfukoni wiki tatu nikidhani nitamsumbua mtu. Kumbe aliyeipokea alinishukuru, na sikumwelewa mpaka nami nilipoanza kupokea simu za wengine.

Kabla sijaendelea, sikilizeni hili vizuri. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi usipozimua mikono inatetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwone daktari kwanza. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada ya hapo mtu anaweza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Hilo ni la hospitali. Mkutano utakungoja.

Sasa, kutafuta. AA ina tovuti, na kuna programu ya simu iitwayo Meeting Guide inayoonyesha mikutano iliyo karibu nawe. Usipoona kitu, waulize wahudumu wa afya ya akili hospitalini, au nyumba za kurekebisha waraibu. Wao huwa wanajua kikundi kinakutana wapi hata kama hakijaandikwa popote. Na ukipata anwani, piga simu kabla ya kwenda. Orodha huchakaa. Kikundi kimehama, saa zimebadilika, na mtu aliyejikaza mwezi mzima anafika anakuta mlango umefungwa. Wapo waliorudi moja kwa moja kwenye chupa kwa sababu ya kufuli, na hilo linaniuma kuliko mengi. Kama ulipo hakuna kikundi kabisa, mikutano ya mtandaoni ipo, na inafaa.

Ukipiga, uliza kama mkutano ni wa wazi au wa wenye tatizo tu. Wa wazi anaruhusiwa yeyote, hata dada yako akikusindikiza. Ule mwingine ni wa anayetaka kuacha pombe, na kutaka huko ndiko sharti pekee la kujiunga. Hakuna ada. Kikapu kitapita, wewe mgeni kipitishe tu. Jina la kwanza linatosha. Ukiambiwa useme, jibu, "Leo nasikiliza," nao watakuelewa.

Wengi hukwama kwenye neno Mungu, kwa sababu Hatua 12 za AA, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, zinamtaja, tena vikundi vingi hukutana kwenye majengo ya kanisa. AA si dhehebu. Hatua zenyewe zinasema Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomwelewa. Bado halikukai? Kuna jumuiya nyingine, SMART Recovery, iliyoanza 1994, nayo haidai imani. Inafundisha namna ya kuikabili hamu na mawazo yanayoivuta. Wanawake wana Women for Sobriety tangu 1975. Na mama, mke, mume, mtoto anayeishi na mlevi, nanyi mna wenu: Al-Anon, tangu 1951. Msingoje mgonjwa akubali ndipo ninyi mwende.

Mkutano wa kwanza usipokupendeza, nenda mwingine. Mimi wa kwanza ulinichosha, wa pili nilikuta watu wanaojuana sana wakanisahau, wa tatu mzee mmoja aliyekuwa anapanga viti akaniambia, "Kijana, nishikie hapa." Tukapanga viti pamoja. Ndipo nilipobaki. Kwa hiyo fika dakika 15 mapema, umtafute anayepanga viti.

Nitaishia hapo. Sitatoka mara moja. Nitakaa pale nyuma, karibu na mlango. Mwenye namba mfukoni na anaogopa kuipiga, aje tuipige wote wawili.