Namna ya Kuonesha Jinsi Tumbo Linavyolegea Kupokea Chakula

Karibuni, watazamaji. Hapa Mtwara vifaa vyetu ni vya kawaida: mfuko laini wa plastiki wa kufungashia korosho, bomba angavu kama lile ambalo mafundi ujenzi hupimia usawa, faneli, na maji yaliyotiwa rangi. Mfuko utakuwa sehemu ya juu ya tumbo, na viganja vyangu vitakuwa misuli laini ya ukuta wake.

Kwanza, fungeni mdomo wa mfuko kwenye bomba kwa mpira, mkaze hadi pasivuje. Toeni hewa yote, kwani ikibaki itawadanganya.

Pili, ubaneni mfuko kwa viganja viwili huku mwenzenu akishika bomba wima na kumimina maji mpaka yaonekane juu kidogo ya fundo. Wekeni alama hapo.

Tatu, ongezeni vijiko viwili vya maji bila kulegeza viganja. Tazameni yanavyopanda bombani: kimo hicho ndicho shinikizo, na ndivyo ingekuwa kwa kila tonge la ugali wa muhogo iwapo tumbo lisingelegea.

Hatua ya nne ndiyo kiini, hivyo msiiharakishe. Mtu anapomeza, neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, hupeleka taarifa kwa neva zilizomo ndani ya ukuta wa tumbo, nazo hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza misuli, pamoja na peptidi iitwayo kwa kifupi VIP (vasoactive intestinal peptide), mnyororo wa asidi amino 28 ambao watafiti Sami Said na Viktor Mutt waliutenga kutoka kwenye utumbo wa nguruwe mwaka 1970. Oksidi ya nitriki hutangulia, basi legezeni vidole mara moja, na maji yatashuka kiasi. VIP huja polepole na kudumu zaidi: hujishika kwenye vipokezi vya seli ya misuli, saikliki AMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, huongezeka, kalsiamu inayokaza misuli hupungua, na nyuzi zilizokuwa zikivutana huachiana. Kwa hiyo fungueni viganja taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, mpaka maji yarudi kwenye alama.

Maji ni mengi kuliko mwanzo, lakini kimo ni kilekile. Tumbo tupu lenye takriban mililita 50 hufikia lita moja na zaidi kwa njia hiyo, shinikizo likipanda kidogo tu.