Bahasha ya Mkuu wa Wahudumu: Umpe, Usimpe?

MWANAISHA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Mwanaisha, niko Houston, na joto la huku leo halisemeki. Mwenzangu kama kawaida yuko Dar.

BARAKA: Niko Dar, Baraka hapa. Mvua imepiga tangu alfajiri, kwa hiyo mkisikia vyura wanachangia mada muwavumilie. Leo tunapanda meli.

MWANAISHA: Meli za starehe. Kuna dada katuandikia kutoka Minneapolis. Mwezi wa 12 anasafiri na familia, watu wanne, usiku saba, wanapandia Miami kuzunguka visiwa vya Karibi. Kasoma makaratasi ya kampuni, kaona bakshishi ya kila siku imeshaingizwa kwenye bili. Halafu wifi yake aliyewahi kusafiri anamwambia usiku wa mwisho aandae bahasha, na asimsahau mkuu wa wahudumu wa ukumbi wa chakula. Anauliza: huyo mkuu ni nani hasa, na kwa nini nimlipe mara mbili?

BARAKA: Asimpe. Tuendelee na swali linalofuata.

MWANAISHA: Ngoja kwanza bwana! Hata hujamjua mtu mwenyewe unamnyima.

BARAKA: Namjua sana. Mimi nimebeba sinia hotelini Nungwi, dada. Mkuu wa wahudumu ni yule anayetembea mikono nyuma, anasema "karibuni sana", halafu anamkonyeza mwingine aje afute meza.

MWANAISHA: Haya, tuanze hapo hapo, maana wengi hawajui nani ni nani. Kwenye ukumbi mkubwa wa meli hizi, ukichagua saa maalumu ya kula, unapewa meza yako safari nzima. Meza hiyo ina watu wawili. Kuna mhudumu, anayechukua oda na kuleta sahani. Kuna msaidizi wake, wa maji, mikate, vinywaji, na kuondoa vyombo. Hao wawili wana meza kadhaa. Juu yao ndiyo anakuja mkuu wa wahudumu, anasimamia wahudumu kadhaa na wasaidizi wao. Na juu yake yuko meneja wa ukumbi wenyewe.

BARAKA: Na wote wanakula kwenye fungu lile lile la bakshishi.

MWANAISHA: Mkuu na watu wake, ndiyo. Hapo ndipo penye ubishi. Zamani haikuwa hivi. Pale Royal Caribbean, moja ya kampuni kubwa za meli hizi, kwa mfano, kabla ya mwaka 2013 usiku wa mwisho ulikuwa usiku wa bahasha. Unaletewa bahasha chumbani, kila moja na cheo chake, pamoja na kiwango kinachopendekezwa. Mhudumu wa mezani dola 3 na senti 50 kwa kila mtu kwa siku. Msaidizi dola 2. Wa chumbani naye 3 na nusu. Mkuu wa wahudumu je? Bahatisha.

BARAKA: Kwa alivyovaa? Dola 5.

MWANAISHA: Senti 75.

BARAKA: Acha utani!

MWANAISHA: Senti 75 kwa siku. Wiki nzima, kwa mtu mmoja, ni dola 5 na senti 25. Yaani kampuni yenyewe ilishapima kazi yake kwako ikasema ni ndogo kuliko ya kijana anayekuletea maji. Ila yeye anasimamia meza nyingi, kwa hiyo zile senti zinatoka kila upande mpaka zinajaa mfuko.

BARAKA: Sasa umenipa silaha. Kama mizani ya kampuni ni hiyo, na siku hizi senti zake ziko ndani ya bili, bahasha ya pili ni ya nini?

MWANAISHA: Twende kwenye bili basi. Kwa kampuni kubwa za Marekani, siku hizi bakshishi ya moja kwa moja inacheza kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa kwa siku, kwa vyumba vya kawaida. Na vichwa vya watoto vinahesabiwa. Tuseme 18. Dada yetu wako wanne, mara siku saba...

BARAKA: 504. Hizo ni dola, wasikilizaji, si shilingi. Na hapo hajaagiza hata juisi.

MWANAISHA: Akiagiza, vinywaji vina asilimia yake, 18 au 20, nayo inajiongeza yenyewe. Kwa hiyo namwelewa mtu aliyekwisha kutoa dola 500 akiona bahasha nyingine anahisi anakamuliwa.

BARAKA: Anakamuliwa kweli! Mwenye meli ndiye anayepaswa kulipa wafanyakazi wake. Hapa wengi hawajui: meli inaondoka Miami, abiria Wamarekani, ofisi kuu iko Florida, lakini nyuma imepeperusha bendera ya Bahamas au Panama. Kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakimgusi yule kijana wa mikate. Anafuata sheria za bendera na mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, wa kazi za baharini, ule wa mwaka 2006 ulioanza kufanya kazi 2013. Na mkataba huo, nchi ikichagua kuhesabu saa za mapumziko badala ya saa za kazi, unasema mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa 77.

MWANAISHA: 91.

BARAKA: Saa 91 za kazi kwa wiki, na bado uko ndani ya sheria. Miezi sita, saba, nane mfululizo, hakuna Jumapili. Halafu eti abiria ndiye aumize kichwa ampe nani bahasha.

MWANAISHA: Sasa mbona hoja yako inanisaidia mimi? Umeshasema wanachoka hivyo, halafu unataka dada asitoe kitu.

BARAKA: Nataka asimpe mkuu! Wale wawili wa mezani awape, tena kwa mikono miwili. Mkuu anayetokea usiku wa mwisho, meno yote nje, "I hope everything was wonderful", huyo ametumwa na bahasha.

MWANAISHA: Wapo hao, sikatai. Wiki nzima humwoni, usiku wa kuagana anakuja kukuuliza watoto wanaitwa nani. Huyo hata mimi simpi kitu. Lakini nikusimulie wa kwetu. Tulipanda Galveston hapa, saa moja hivi kutoka nyumbani, tukiwa na mama mkwe. Unamjua mama mkwe wangu.

BARAKA: Mama wa Lamu. Shikamoo mama, kama unasikiliza.

MWANAISHA: Hali chakula asichojua kimepikwa na nini. Mimi niliogopa ataishi kwa mkate na ndizi. Usiku wa kwanza mhudumu kamwita mkuu wake, mtu wa Indonesia, mfupi hivi, kalamu sikioni. Kasalimu, "assalaam alaykum", mama akakaa sawa kwenye kiti. Hakuuliza maswali mengi. Katoa menyu ya kesho yake, kainama karibu naye, akawa anapiga mistari kwa kalamu. Mchuzi huu una mvinyo. Supu hii imechemshwa na mifupa ya nguruwe. Hii keki laini ya matunda, iache, ina jelatini, ile ya kugandishia, inaweza kuwa imetokana na nguruwe. Mimi nilikuwa nawaza nyama tu, jelatini wala haikunijia akilini. Kila usiku baada ya chakula anakuja na menyu ya kesho, mama anachagua, anaandika, na kesho sahani inakuja peke yake na kijikaratasi. Siku ya kamba wakubwa akasimama mwenyewe akamtolea magamba mmoja mmoja, akampangia.

BARAKA: Lakini hiyo ndiyo kazi yake, Mwanaisha.

MWANAISHA: Ndiyo kazi yake.

BARAKA: Kwenye meli, mwenye mzio wa karanga au mwenye masharti ya chakula anapelekwa kwa mkuu wa wahudumu, ndiye anayeshughulika na jikoni. Asipofanya, mtu anaweza kufa. Hapewi bakshishi kwa sababu hajaua mtu!

MWANAISHA: Na mhudumu kuleta sahani si kazi yake? Mbona huyo unampa kwa mikono miwili?

BARAKA: (anacheka) Haya. Hapo umenibana kidogo.

MWANAISHA: Kidogo! Mimi naona hivi: cheo hakilipwi, cheo kimeshalipwa ndani ya zile 504. Ukitoa zaidi, unamtolea mtu kwa jambo alilokufanyia wewe, ulilolishuhudia, na unaweza kulitaja. Kama huwezi kulitaja, bahasha irudi mkobani. Sisi tulimpa dola 20 kwa wiki nzima. Mhudumu na msaidizi wake tuliwapa zaidi, kila mtu na yake.

BARAKA: Tena hapo kwenye "kila mtu na yake" nakushukuru. Wasikilizaji, msimpe mkuu bahasha moja mkamwambia "gawana na vijana". Hotelini kwetu kulikuwa na sanduku la tipu pale mapokezi, linafunguliwa mwisho wa mwezi. Lilikuwa na kufuli mbili, na kila kufuli ufunguo una mtu wake. Kufuli ya pili haikuwekwa siku ya kwanza, nafikiri mnanielewa.

MWANAISHA: Tumekuelewa! Na msaidizi asisahaulike, maana huyo ndiye hazungumzi sana. Mhudumu anatania, anachezesha watoto, anakumbukwa. Msaidizi unamkumbuka ukikosa maji.

BARAKA: Kuna jambo jingine ambalo dada hajauliza, ila najua atashauriwa. Ataambiwa nenda mapokezi, sema wafute ile bakshishi ya kila siku, halafu hiyo 504 ugawe mwenyewe kwa unaowataka.

MWANAISHA: Kampuni nyingi zinakubali kufuta au kupunguza, ni kweli.

BARAKA: Asifanye hivyo. Fungu lile halina wa mezani na wa chumbani peke yao. Kuna watu wa nyuma ambao abiria hawaoni hata kisigino. Ukifuta, wewe unajiona mkarimu kwa watu watatu, kumbe umewanyang'anya wengine. Na kuna kampuni ambazo abiria akifuta, mfanyakazi aliyepewa noti mkononi na abiria huyo anatakiwa aipeleke kwenye fungu la wote. Unampa mtu zawadi, unamwachia na kesi.

MWANAISHA: Kama huduma ilikuwa mbovu, aseme siku ya pili, siku ya tatu, na wa kuambiwa ni huyo huyo mkuu wa wahudumu. Si kungoja siku ya mwisho kukata pesa.

BARAKA: Angalau kazi moja tumempatia. Waingereza lakini wamenifurahisha. P&O Cruises, tangu Mei 2019, wameondoa bakshishi ya kila siku kwenye bili, wameiweka ndani ya nauli. Unalipa mara moja, mambo kwisha. Virgin Voyages nao walipoanza safari mwaka 2021 walikuja na mtindo huo huo. Sasa kwa nini Wamarekani wengine hawafanyi?

MWANAISHA: Kwa sababu nauli ikitangazwa bila zile dola 18 inaonekana rahisi. Mtu analinganisha meli mbili kwenye simu, anabonyeza iliyo chini. Hakuna siri hapo.

BARAKA: Basi kwenye hizo meli za Waingereza mkuu wa wahudumu hapewi kabisa?

MWANAISHA: Hakatazwi kupewa. Ila hakuna anayekuangalia kwa jicho la kuuliza. Pale ukitoa, umetoa kwa kupenda.

BARAKA: Mimi nitapanda hiyo.

MWANAISHA: Utapanda kwa nauli ya nani?

BARAKA: Tusifike huko. Dodoso umelisahau.

MWANAISHA: Eeh! Dodoso. Safari ikiisha unatumiwa maswali kwa barua pepe, na siku za mwisho utamsikia mkuu wa wahudumu akipita mezani kuomba alama za juu. Inachosha, lakini si mchezo kwao. Alama za meza zile zinamfuata yeye. Jina la mtu likitajwa kwa wema linasomwa na wakubwa zake, na msaidizi anapanda kuwa mhudumu, mhudumu anapanda kuwa mkuu, kwa mambo kama hayo. Sisi jina la yule bwana tuliliandika, na kalamu yake na jelatini tukaieleza vilevile.

BARAKA: Hiyo naikubali kuliko noti. Noti inaliwa bandari inayofuata.

MWANAISHA: Vyote viwili, Baraka. Mtu ana watoto wanasubiri karo, usimpe sifa tupu.

BARAKA: Haya, kwa hiyo dada wa Minneapolis tunamwambia nini? Kama wanakula bafe juu kila siku?

MWANAISHA: Hamjui mkuu, mkuu hamjui. Hakuna bahasha. Kama wanakula ukumbini na mkuu akawa anapita na kusalimia tu, atabasamu naye, yatosha. Kama amemhudumia mtoto mwenye mzio, au amewapangia keki ya siku ya kuzaliwa mwenyewe, ampe 10 au 20 kwa safari nzima, baada ya kuwapa wale wawili kwanza.

BARAKA: Na amwambie wifi yake nani amempa ruhusa ya kupanga bajeti ya watu.

MWANAISHA: Hilo amwambie mwenyewe, sisi hatumo. Ila dada, jambo moja la vitendo: usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya mlango, yanachukuliwa, unakutana nayo tena bandarini asubuhi. Bahasha na noti ndogo ndogo zikae kwenye mkoba wa mkononi. Noti za dola 5 na 10 ziandaliwe nyumbani, kwa sababu usiku huo foleni ya mapokezi ya watu wanaotafuta chenji inafika kwenye lifti.

BARAKA: Tunapumzika kidogo, tukirudi kuna kaka wa Muscat ana swali la mizigo ya ndege, kilo 46 na televisheni.