Jalada la vipande vitano

Asanteni, karibuni mkae. Jioni ya leo nina kitabu kimoja tu, na hata hicho sitakifungua. Ni Injili za Lorsch, zilizopewa jina la monasteri ya Lorsch huko Ujerumani, zilizoandikwa kwa wino wa dhahabu karibu na mwaka 810, enzi za mfalme Karolo Mkuu aliyetawala kutoka Aachen, Ujerumani ya leo. Tutabaki nje, kwenye jalada lake la pembe ya ndovu.

Tazameni picha hii ya jalada la mbele. Katikati Bikira Maria ameketi kwenye kiti cha enzi na Mtoto wake. Pembeni wamesimama Zakaria na Yohane Mbatizaji. Juu malaika wawili wamebeba duara lenye Kristo ndani yake; chini, Kuzaliwa kwa Bwana na wachungaji. Sasa waacheni watakatifu kidogo, mtafute maungio. Mmeyahesabu? Vipande vitano.

Hapo aliyeamua ni ndovu. Pembe yake ni nyembamba, imepinda, na huku shinani ina uwazi ndani. Upasue utakavyo, hutapata ubao mmoja wa kufunika kitabu kikubwa namna hii. Mafundi wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, waliliona hilo tangu karne ya 6, wakaunga vipande vitano. Wachongaji wa Karolo wakaufuata mtindo wao.

Kuupata mtindo kulikuwa rahisi kuliko kuipata pembe. Ulaya Magharibi pembe ilikuwa imeadimika mno, hata vibao vya zamani vikachongwa upya. Kule kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, kuna kibao cha Areobindus, konsuli, yaani afisa mkuu wa Kirumi, wa mwaka 506. Kigeuze: mgongoni, katika karne ya 9, fundi mwingine amechonga Adamu na Hawa peponi. Mimi nampenda sana fundi huyo. Hakutupa kitu.

Najua mnachotaka kuniuliza: ndovu wa kwetu je? Al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyesafiri hadi pwani ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za huku zilipelekwa Oman, kisha India na China. Alilalamika kwamba zinazipita hata nchi za Waislamu. Sembuse Aachen!

Jalada la nyuma lina Kristo akikanyaga wanyama, kama Zaburi ya 91 isemavyo: "Utawakanyaga simba na nyoka." Hilo liko Vatikani, la mbele liko London. Na kitabu kilikatwa katikati: nusu ya kwanza iko Alba Iulia, Romania, na ya pili Vatikani.

Haya, mama pale nyuma, nimeuona mkono wako.