Godoro likichoka, nani alipie?

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu, habari za mchana.

Masika iliyopita nilikuta godoro la futi nne kwa sita limenasa korongoni, huku kwetu Ujiji. Sponji ilikuwa imekunywa maji mpaka vijana wanne wakashindwa kulinyanyua. Walipolipasua kwa panga, vipande vikachukuliwa na maji kuelekea ziwani. Na Tanganyika tunaichangia na Burundi, Kongo na Zambia; mto unaotoa maji humo ni mmoja tu, Lukuga. Kinachoingia kinakaa.

Tulichome? Moshi wa sponji una sianidi, sumu inayoua. Tusithubutu.

Mafundi makochi wa Mwanga, hapa Kigoma, wananunua sponji kuukuu, wanaikatakata, wanajazia viti na mito. Springi ni chuma chakavu. Kazi ipo, kinachokosekana ni hela ya kumlipa mwenye mkokoteni, na banda la kuanikia na kuua kunguni. Hao kunguni msiwapuuze: godoro moja linatosha kuambukiza nyumba nzima, na ili wafe wanahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 likolee hadi ndani.

Sasa, nani alipe? Ukimdai mtu siku ya kutupa, atasubiri giza liingie, na korongo halidai ushuru. Kule California, Marekani, kuanzia tarehe 30 Desemba 2015, mnunuzi wa godoro jipya alilipa ada ya dola 11 ya kulishughulikia litakapochoka, palepale dukani, na risiti ikaonyesha. Connecticut, jimbo jingine la hukohuko, walianza mwaka huohuo kwa dola 9. Ukusanyaji unasimamiwa na chombo cha watengenezaji wenyewe.

Nakubaliana nao, ila kwetu ningetaka ada hiyo ikatwe kiwandani au bandarini, kabla godoro halijapanda lori. Muuza duka wa Mwanga tusimgeuze mtoza ushuru. Najua kiwanda kitaiongeza kwenye bei, na mama aliyedunduliza miezi sita ataisikia. Kwa hiyo ikatwe kwa unene: la inchi nne lilipe kidogo, la inchi kumi lilipe zaidi.

Ninachokipigania hasa ni hiki: hela ifuate godoro. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Godoro linauzwa likiwa jipya huko, linachakaa Kigoma. Makato yakibaki Dar, sisi tutaachiwa mzoga. Kila godoro litakalopimwa kwenye banda letu lilipiwe hapahapa, mkononi mwa aliyelileta, siku hiyohiyo.