Dawa Haiishii Mwilini mwa Mnyama: Mhadhara kwa Madaktari wa Mifugo

Waheshimiwa walimu wangu, madaktari wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, nashukuru kwa mwaliko huu. Mada niliyopewa ni namna daktari wa mifugo anavyoweza kuishi kwa kupatana na mazingira ya asili. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikiizungumzia, kwa hiyo sitatumia muda kueleza ikolojia ni nini wala misitu ina manufaa gani. Nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo ninalolisema kila ninapopewa nafasi, nami nitaendelea kulisema mpaka liingie katika mitaala yetu na katika mikoba yetu ya kazi.

Nikiwauliza madaktari vijana wanaelewa nini kwa maisha ya kupatana na mazingira, karibu wote hunijibu habari za nyumbani: bustani isiyotiwa mbolea za viwandani, kuku wanaojitafutia, maji ya mvua yaliyokingwa, na utulivu wa asubuhi. Hayo ni mambo mema na sina ugomvi nayo. Lakini daktari anayeishi hivyo nyumbani, kisha akaenda kazini akadunga dawa bila kujiuliza itatokea wapi baada ya kumwingia mnyama na itamkuta nani huko itokeako, amepatana na bustani yake tu. Kazi yetu inagusa viumbe wengi tusiowaona, na hao ndio watakaotuambia kama tumepatana na mazingira au hatujapatana.

Chukueni habari ya tumbusi wa Asia Kusini. Najua mnaijua, lakini naomba mnivumilie niisimulie tena, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kama habari ya ndege, ilhali ni habari yetu sisi.

India ilikuwa na tumbusi kwa mamilioni. Ng'ombe akifa huko, mara nyingi haliwi na watu, na mzoga uliotupwa nje ya kijiji ulikuwa ukimalizwa na ndege hao kwa muda mfupi hadi ikabaki mifupa mitupu. Katika miaka ya 1990 mtafiti Vibhu Prakash, aliyekuwa akiwahesabu ndege katika hifadhi ya Keoladeo, aliona viota vikibaki vitupu na tumbusi wakikaa juu ya miti wameinamisha vichwa siku nyingi kabla ya kuanguka. Kufikia mwaka 2007, katika kila tumbusi 1,000 wa mgongo mweupe waliokuwapo mwaka 1992, alikuwa amebaki takriban 1. Jamii nyingine mbili za tumbusi zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 97.

Kwanza watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini tumbusi wale walipopasuliwa, wengi walikutwa na hali ambayo daktari akiiona mara moja haisahau: ini, moyo na figo vimefunikwa unga mweupe mfano wa chokaa. Hiyo ni jongo ya viungo vya ndani. Figo zimeacha kuitoa asidi ya yuriki, asidi imejaa katika damu, kisha imeganda kuwa fuwele juu ya kila kiungo. Swali likawa ni kitu gani kinaziua figo. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake, waliokuwa wakichunguza vifo hivyo nchini Pakistan, walitoa jibu. Tumbusi wote 25 waliochunguzwa waliokufa kwa jongo hiyo walikuwa na diklofenaki ndani ya figo, na miongoni mwa 13 waliokufa kwa sababu nyingine hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo.

Diklofenaki ni dawa ya maumivu na uvimbe. Ng'ombe anayechechemea, au aliyevimba kiwele, akidungwa anapata nafuu, na mwenye ng'ombe anashukuru. Asipopona akafa siku moja au mbili baadaye, dawa bado imo katika ini na figo zake, na tumbusi anayekula hapo anakula sumu. Aliyedunga hakuwa mtu mwovu. Alikuwa akipunguza mateso ya mnyama, kama tulivyofundishwa sote.

Hapa ndipo ninapotaka mkae nami kidogo. Watafiti walipopiga hesabu ni mizoga mingapi yenye sumu inayotosha kuleta maangamizi ya kiwango kile, walikuta kwamba haifiki hata 1 katika kila 100. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, na hula kwa makundi, kiasi kwamba mzoga mmoja unaweza kuua ndege wengi kwa siku moja na pengo lao lisizibike kwa miaka mingi. Kwa hiyo daktari mmoja mmoja, akitazama wagonjwa wake, hakuwa na chochote cha kumshtua. Ng'ombe wake karibu wote walipona, na wachache waliokufa walikufa kwa maradhi yao. Maangamizi yalitokana na kazi ya kawaida, iliyofanywa vizuri na watu wengi ambao hakuna hata mmoja wao aliyeufuata mzoga hadi mwisho wake.

Kisha mizoga ikaanza kuoza pale ilipotupwa, na mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na pamoja nao hatari ya kichaa cha mbwa. Wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walichapisha mwaka 2024 makadirio kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu takriban 500,000 nchini India. Na bado wapo wanaoniambia kwamba mambo ya ndege ni ya wenye nafasi.

Najua pingamizi la kwanza, kwa maana nalisikia kila mahali: mnyama aliye mbele yangu anaumia, je, nimwache aumie kwa ajili ya ndege nisiyemwona? Hapana. Hakuna aliyesema tuache kutuliza maumivu. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, inafanya kazi hiyohiyo bila kumdhuru tumbusi, na mwaka huohuo India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Kilichohitajika ni kujua na kuchagua, na kuchagua dawa ndiyo kazi tuliyosomea. Ninachokosa uvumilivu nacho ni yaliyofuata. Chupa kubwa za diklofenaki ya binadamu ziliendelea kutumika kwa ng'ombe mpaka India ilipozizuia mwaka 2015. Asiklofenaki, ambayo ndani ya mwili wa ng'ombe hugeuka kuwa diklofenaki ileile, iliuzwa hadi mwaka 2023. Hispania, nchi yenye tumbusi wengi kuliko nchi yoyote ya Ulaya, iliiruhusu diklofenaki ya mifugo mwaka 2013, miaka 9 baada ya utafiti wa Oaks kuchapishwa. Waliosaini ruhusa ile hawakukosa maandiko ya kusoma.

Pingamizi la pili ni kwamba wafugaji hujinunulia dawa wenyewe, kwa hiyo lawama si yetu. Ni kweli hujinunulia. Lakini mfugaji amejifunza jina la dawa kutoka kwa nani, kama si kwetu? Alimwona daktari akiitumia, akaona inafaa, akaikumbuka. Kama siku ile daktari angemwambia pia kwamba mnyama akifa ndani ya juma lile mzoga uzikwe kina kirefu au uchomwe, angelikumbuka na hilo.

Nimechukua muda mrefu kwa tumbusi, kama ilivyo desturi yangu, na bado kuna samadi. Ivamektini, dawa ya minyoo, ilianza kutumika kwa mifugo mwaka 1981, na waliovumbua msingi wake, Satoshi Omura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wanastahili kila heshima. Hata hivyo, sehemu kubwa ya dawa hiyo humtoka ng'ombe pamoja na kinyesi ikiwa bado na nguvu, tena kwa siku nyingi, na huko inawakuta mbawakawa wanaoishi kwa samadi. Viluwiluwi wao hufa au hushindwa kukua. Mbawakawa hao huifukia samadi, huilainisha ardhi, na huwanyima nzi na minyoo mahali pa kuzaliana. Australia ililijua hilo kwa taabu: ng'ombe walipelekwa huko kutoka nje, mbawakawa wa huko walikuwa wamezoea kinyesi kikavu cha kangaruu, samadi ikalundikana malishoni na nzi wakazidi, hadi taasisi ya utafiti ya CSIRO ilipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kuwaleta mbawakawa kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika. Sisi tulio nao tangu zamani tunawaua kwa kudunga kundi zima kwa kufuata kalenda.

Tena si lazima. Kwa mbuzi na kondoo wanaosumbuliwa na ule mnyoo unaonyonya damu tumboni, Afrika Kusini imetupatia njia iitwayo FAMACHA, na kila mwanafunzi aliye hapa anaweza kuimudu. Unamshika mbuzi mahali penye mwanga wa jua, kidole gumba kimoja kinaibonyeza kope ya juu juu ya jicho, kingine kinaivuta kope ya chini, na utando wa ndani unajitokeza wenyewe. Unaulinganisha na kadi yenye rangi 5, kuanzia wekundu uliokolea hadi weupe. Mwenye utando mweupe damu yake imekwisha, naye apewe dawa mara moja. Mwenye wekundu mwachie ende zake, maana katika kundi lolote minyoo mingi imo ndani ya wanyama wachache. Ukimwacha asiyehitaji dawa unabakiza pia minyoo isiyo sugu, na kesho dawa yako bado itafanya kazi. Njia hii inataka kurudiwa mara kwa mara, hasa msimu wa mvua, na haifai kwa minyoo ya aina nyingine. Nalisema hilo ili mtu asitoke hapa akaitumia kwa kila kitu.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa wale wanaonishangilia kupita kiasi. Wapo wanaodhani kupatana na mazingira ni kuacha dawa na chanjo zote na kuyaachia maumbile yafanye kazi yake. Ndugu zangu hao nawaomba waikumbuke sotoka, ule ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe. Iliingia Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka nje, ikafagia ng'ombe, nyati na nyumbu. Kwa miongo mingi iliendelea kuua ndama wa nyumbu katika Serengeti, hadi ng'ombe wa pembeni mwa hifadhi walipochanjwa. Nyumbu mwenyewe hakuguswa na sindano hata moja. Idadi yao ilikuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha ilikuwa imepita milioni 1. Nyumbu walipoongezeka nyasi zilipungua, mioto ya kila mwaka ikapungua, na miti ikaanza kurudi. Chanjo aliyoiunda Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, ilitumika kwa miaka mingi, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani. Daktari aliyekuwa akimchanja ng'ombe wa mfugaji alikuwa akipanda miti asiyoiona, kama vile yule wa India alivyokuwa akiua ndege asiowaona. Wote wawili walitumia sindano.

Nilikuwa nimeandaa sehemu nzima kuhusu antibiotiki zinazopewa mifugo ili inenepe, jambo ambalo Umoja wa Ulaya ulilikomesha mwaka 2006, na nyingine kuhusu distempa, ugonjwa wa mbwa ambao mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa mara mbili, kwa hiyo hizo nitaziacha kwa siku nyingine.

Ninawaomba mambo mawili. Madaktari, kila mnapoandika dawa, andikeni chini yake mstari mmoja wa kumweleza mfugaji afanye nini na samadi ya mnyama huyo, na afanye nini na mzoga wake akifa. Walimu wa famakolojia, mnawauliza wanafunzi dawa inaingiaje mwilini, inasambaaje, inavunjwaje na inatokaje. Ongezeni swali la tano, linalouliza ikishatoka inakwenda kwa nani, na asiyelijibu asifaulu.