Kodi Sita Bila Kusogeza Chuma: Mhadhara kwa Wanaoanza Gitaa la Pedali

Waheshimiwa walimu, ndugu wanakwaya na wanafunzi wa muziki, nawashukuru kwa kufika kwa wingi hapa Kampala jioni hii. Nimeombwa nieleze namna anayeanza gitaa la chuma lenye pedali anavyoweza kujifunza kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, na nadharia inayozifunga. Nina hoja moja tu: mtu aliyelelewa katika kwaya zetu, akaimba kwa solfa, yaani do, re, mi, tangu utotoni, tayari anayo nadharia ya kumtosha kwa muda mrefu, na kinachomchelewesha ni kuanza na jedwali la namba za freti, yaani alama za mahali pa sauti kwenye shingo ya gitaa, badala ya kuanza na do.

Wengi wenu mmeisikia ala hii kabla ya kuiona, kwa kuwa ndiyo yenye ule mlio unaoteleza nyuma ya mwimbaji katika nyimbo za kantri za Marekani. Chimbuko lake ni Hawaii, ambako mwishoni mwa karne ya 19 kijana Joseph Kekuku alieneza upigaji wa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Pedali zilikuja baadaye, na mwaka 1954, katika wimbo wa Webb Pierce uliovuma sana, Bud Isaacs alisikika akikanyaga pedali huku nyuzi zikiwa bado zinalia, hata sauti moja ikapanda ndani ya kodi ilhali nyingine zimetulia. Mpigaji hukaa, ala ikiwa imelazwa mbele yake kama meza. Mkono wa kushoto hushika chuma, wa kulia huchuna, mguu wa kushoto hukanyaga pedali, magoti husukuma nyenzo, na mguu wa kulia hutawala ukubwa wa sauti. Freti ni mistari iliyochorwa tu, kwa hiyo sikio ndilo linaloamua chuma kitue wapi.

Ala nyingi zina nyuzi kumi, na mpangilio unaotumika zaidi kwa kantri huitwa E9. Tukiupa uzi wa nne, ambao ni E, jina la do, basi kuanzia uzi wa kwanza ulio mbali na mpigaji hadi wa kumi ulio karibu naye tunapata re, ti, mi, do, so, mi, re, do, ta (yaani ti iliyoshushwa nusu sauti) na so. Re na ti za mwanzo hazifuati utaratibu wa kushuka kutoka sauti ya juu hadi ya chini, kwa sababu uzi wa tatu ndio wenye sauti ya juu kuliko zote. Anayeanza aziache kando kwa muda. Mpigaji wa adungu, kinubi cha Uganda, atauelewa mpangilio huu upesi, kwani naye huwa na sauti moja kwa kila uzi. Tofauti ni kwamba uzi wa adungu ukishafungwa hubaki na sauti yake mpaka wimbo uishe, ilhali hapa uzi hubadilika ukiwa unalia.

Hapo ndipo penye moyo wa jambo. Pedali ya A huipandisha so ikawa la. Pedali ya B huipandisha mi ikawa fa. Pedali ya C huipandisha do ya uzi wa nne ikawa re, na so ya uzi wa tano ikawa la. Uko pia wenzo wa goti unaoishusha do ikawa ti. Sasa wekeni chuma kwenye freti ya tatu, ambako do ni G, na msikisogeze. Bila kukanyaga kitu mna do, mi, so, yaani G meja, kodi yenye mlio wa kung'aa. Kanyageni A na B pamoja, mpate do, fa, la, ambayo ni C meja. Achieni B mbaki na A peke yake, nayo ni la, do, mi, E maina, kodi yenye mlio wa huzuni. B na C pamoja, kwenye nyuzi za tatu, nne na tano, hutoa re, fa, la, A maina. Sukumeni ule wenzo bila pedali, mpate mi, so, ti, B maina. Na kwa wenzo huohuo, nyuzi za tano, saba na nane zitawapa so, ti, re, yaani D meja. Kodi sita zimepatikana mahali pamoja, na kila moja mnaweza kuitamka kwa kinywa kabla ya kuichuna.

Mimi mwenyewe nilianza kwa njia nyingine. Kwa miezi mingi nilikariri kwamba G hupatikana freti ya tatu bila pedali, na tena freti ya kumi kwa A na B, bila kujua kwa nini. Wimbo ulipohamishiwa ufunguo mwingine nilipotea, na nilihuzunika, kwa maana katika kwaya tulihama ufunguo kila Jumapili na hakuna aliyepotea. Sababu nimekuja kuielewa baadaye: A na B huifanya do ya freti kuwa so ya kodi mpya, basi kodi ileile lazima ipatikane freti saba juu zaidi.

Niongeze neno kuhusu mi. Kipimo cha elektroniki huiweka juu kidogo kuliko inavyoimbwa na kwaya isiyo na kinanda, takriban senti 14, senti moja ikiwa sehemu ya mia ya nusu sauti. Wapigaji wengi huishusha kwa makusudi ili kodi itulie, na nawasihi muisikilize kabla ya kuamini mshale wa kipimo.

Ala iko tayari hapa mbele, na chuma kiko freti ya tatu. Naomba ndugu zetu wa besi watupe do, tenori waimbe so, na alto mi. Nitakapokanyaga A na B, tenori wapande hadi la na alto hadi fa; besi, tafadhali msiondoke kwenye do.