Figo yenyewe ndiyo inayopandisha presha

Shikamooni wazee wangu. Ninyi wengine, habari za jioni. Mmezoea kuambiwa presha inaharibu figo, na ni kweli. Leo naanzia upande wa pili: figo yenyewe hupandisha presha, tena kwa nia njema kabisa.

Mwaka 1898, kule Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman walichukua figo ya sungura, wakaitoa maji yake, wakamdunga sungura mwingine. Presha ikapanda. Kilichokuwamo wakakiita renini. Wengi hawakukijali mpaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alipoubana kwa kibanio mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya mbwa. Mbwa akapata presha.

Figo haina macho. Haijui kama mshipa umebanwa au mwili umekauka kwa kuharisha. Inachojua ni kwamba damu haiifikii ya kutosha. Basi inamwaga renini. Renini inakata protini iliyotoka kwenye ini, kipande kinakatwa tena, hasa mapafuni, na hapo anazaliwa mwenye fujo: angiotensini. Anabana mishipa, anakutia kiu, kisha anazipigia hodi tezi zilizokaa juu ya figo kama kofia, zitoe aldosteroni. Hiyo aldosteroni inaamuru chumvi isitoke. Chumvi ikibaki, na maji yanabaki.

Aliyetokwa damu nyingi, hayo yanamwokoa. Balaa ni yakiendelea mwezi baada ya mwezi bila sababu.

Sasa twende jikoni. Wangapi hapa wamewahi kukamua tui kwa kifumbu? Naona mikono ya kina bibi tu, haya! Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja, na kwa siku moja figo zote mbili huchuja lita 180 hivi, karibu zote zinarudi mwilini. Kila kichujio kina mshipa wa kuingilia na wa kutokea. Angiotensini hubana zaidi ule wa kutokea, damu inasongamana ndani, kama unavyominya kifumbu. Ukiminya kiasi, tui linatoka safi. Ukiminya kwa nguvu kila siku, msuko unalegea na chicha inapita. Chicha ya figo ni protini. Ndiyo maana tunakuomba mkojo hata kama huumwi popote. Kichujio kilicholegea huota kovu, na kovu halichuji.

Dawa kama kaptopril, enalapril na losartan zinamzuia huyo angiotensini. Kaptopril ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, uliofanywa na mtafiti wa huko, Sérgio Ferreira. Mwaka 1993 ikaonekana kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilishaanza kuvujisha protini, wakipewa kaptopril, hatari ya kufa, kusafishwa damu au kupandikizwa figo ilipungua kwa karibu nusu.

Ukianza dawa hizi, kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, kinaweza kupanda kidogo, na hapo ndipo watu wanazitupa. Jamani! Umeacha kuminya kifumbu, lazima tui lipungue kidogo. Rudi baada ya wiki moja au mbili tupime hiyo kreatinini pamoja na potasiamu, tuone kama kilichopanda ni kiasi au kimezidi. Mjamzito hatumpi kabisa.

Mzee pale nyuma anauliza, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo, je? Swali zuri, mzee wangu. Ule mshipa wa kuingilia una kemikali zake zinazouacha wazi, na diklofenaki inazizima. Losartan imefungua mlango wa kutokea, diklofenaki imefunga wa kuingilia: ndani ya kichujio kutabaki nini? Ukiwa umeharisha siku hiyo, figo inaweza kugoma kabisa. Kwa hiyo muuza duka la dawa, kabla hajakufungia vidonge vya mgongo, mwambie unatumia losartan. Akisema haina neno, muulize daktari wako kwanza.